Kwinoni za Mama Mbithi

Kule Kawangware, Adhis Opondo alianza kujulikana kama mpangaji anayesomea mafuta. Halikuwa kosa la mtu. Siku alipohamia kwenye ploti ya Mzee Kinyanjui, mzee alimuuliza anasomea nini, naye akajibu kwa uaminifu kwamba anachunguza jinsi molekuli ziitwazo kwinoni zinavyovusha elektroni kupitia utando bandia wa mafuta uliotandazwa juu ya elektrodi. Mzee Kinyanjui ni mtu aliyerithi ardhi, akajenga juu yake, na hajawahi kuonekana akishangaa. Alishika neno moja alilolitambua katika sentensi hiyo, akalipeleka getini.

"Huyu ni wa mafuta," aliwaambia wapangaji wengine.

Tangu hapo, kila petroli ilipopanda bei, watu walimtazama Adhis kana kwamba ana jambo la kueleza.

Alikuwa amezaliwa na kukulia Kianda, Kibera, bintiye Caren aliyefulia watu nguo na Mzee Opondo, fundi wa mawe aliyejenga nusu ya magorofa ya mtaa ambako hakuwahi kualikwa tena baada ya kuezeka. Utotoni, mvua ikikatika, wenzake waliruka mitaro na kwenda zao. Adhis aliinama. Alikuwa akitazama tone la mafuta ya gari likitanda juu ya maji na kutoa rangi. Mama yake aliamini kwa miaka kadhaa kwamba mtoto amepoteza kitu mtaroni na anaogopa kusema ni nini. Mtoto alipopata alama nzuri za kemia, mama alifarijika: kumbe hakupoteza kitu, alikuwa tu hivyo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuliko jina lake. Kila seli ya kiumbe hai imefunikwa kwa ngozi nyembamba ya mafuta, tabaka mbili za molekuli zilizoelekezeana mikia. Elektroni, ambazo ndizo umeme wenyewe, haziwezi kupita kwenye mafuta. Hata hivyo zinapita, maana zisingepita, majani yasingeweza kula jua na wewe usingekuwa na nguvu ya kufungua ukurasa. Anayezivusha ni kwinoni, molekuli yenye kichwa cha kushikia na mkia mrefu wa kuishi nao ndani ya mafuta. Adhis hakutaka kushughulika na seli nzima, ambayo ina mambo mengi kama chama cha wapangaji. Alichukua kisahani cha dhahabu chenye ukubwa wa kifungo cha shati, akakitandazia utando wa mafuta, akakizamisha katika maji yenye chumvi ya chuma inayongoja kupokea elektroni, na akauliza swali moja tu: nikiweka kwinoni ndani ya utando huu, umeme utavuka?

Jioni moja Mzee Kinyanjui alimkuta akirudi kutoka chuoni. Mzee alikuwa akitengeneza bawaba ya geti, kazi ambayo humpa mtu muda wa kuuliza.

"Sasa wewe Adhis, hii maneno ya mafuta. Nielezee kama mtu mzima."

"Mzee, unajua Silanga, kule Kibera, mvua ikinyesha, njia ikijaa maji?"

"Najua. Kiatu yangu moja iko huko mpaka leo."

"Si kuna wale wanaume hubeba watu mgongoni wanawavusha?"

"Wako. Mmoja aliniangusha."

"Pole. Basi hayo maji ndiyo mafuta. Abiria ndio elektroni. Kwinoni ndiye yule mwanaume. Anabeba elektroni mbili na mizigo yao miwili, inaitwa protoni. Anavuka, anashusha ng'ambo, anarudi kuchukua wengine."

Mzee Kinyanjui alilitafakari jambo hilo huku ameshika nyundo.

"Na wanalipwa?"

"Akina nani?"

"Hao kwinoni."

"Hapana, mzee."

"Basi hiyo ploti yao iko na shida," alisema, akarudia bawaba yake.

Shida ilikuwa kwingine. Kwinoni safi huagizwa ng'ambo, na ya Adhis ilikuwa imefika Nairobi mapema kabisa, ikakaa katika bohari ya mizigo ikisubiri kibali cha ofisi fulani, ambayo nayo ilisubiri kibali cha ofisi nyingine. Ni unga wa manjano ndani ya chupa ndogo, na unga wowote ndani ya chupa ndogo humfanya mkaguzi wa mizigo akae wima. Wakati huo wote, binamu wa molekuli hiyo alikuwa akiuzwa Kawangware bila kibali chochote, ndani ya krimu ya uso kwenye saluni ya Maggie. Lakini krimu hiyo ina manukato, nta na matumaini, na hakuna aliyewahi kuvitenganisha.

Muda nao ulikuwa ukienda. Kamati ya idara ilikuwa imeshapanga siku ya kukaa, na siku hiyo Adhis alitakiwa kuwaonyesha, mashine ikiwa imewashwa mbele yao, kwamba umeme unavushwa na kwinoni. Asipoonyesha, mada ingefutwa. Muda wake wa masomo haukutosha kuanza nyingine, kwa hiyo kufutwa kwa mada kulimaanisha kurudi nyumbani bila shahada. Daktari Kihara, msimamizi wake, ni mtu mpole ambaye hutoa habari mbaya kwa sauti ya kutangaza ndoa kanisani. Alimwambia hivyo mara mbili, ili asije akafurahi kwa kukosa kuelewa.

Ndipo Adhis alipokumbuka kwamba kila jani la kijani limejaa kwinoni. Ndizo zinazosafirisha umeme wa jua humo ndani. Angeweza kuzitoa mwenyewe: kusaga majani katika asetoni, kuupitisha mchuzi wake kwenye mrija wa kioo uliojazwa unga mweupe unaotenganisha vitu, kukinga kile cha manjano kinachotangulia na kuuacha ukijani ubaki nyuma. Sukuma wiki haihitaji kibali.

Mboga alijua pa kuzipata. Kasiva, ambaye Kianda nzima humwita Mama Mbithi, ana kibanda hatua chache kutoka nyumba aliyokulia Adhis, na mboga zake huchumwa alfajiri kwenye mashamba madogo ya Silanga. Amemjua Adhis tangu enzi za kuinamia mitaro. Aliposikia kwamba mboga zake zinahitajika chuo kikuu, hakuuliza ni za nini. Alinoa kisu.

Inafaa kueleza jinsi Mama Mbithi anavyokata mboga. Hatumii ubao. Anakunja majani yawe mrija mnene, anaushika hewani kwa mkono wa kushoto, na kisu kinakuja mbio kuelekea kidole gumba na kusimama pale pale, huku macho yake yakimsalimu mtu anayepita ng'ambo ya njia. Mboga zinaanguka nyembamba kama uzi. Mtaani hapa mboga za jioni hununuliwa zikiwa zimekatwa. Mtu anayenunua mboga nzima ama anafuga sungura, ama amegombana na mama mboga.

Kwa hiyo utaratibu ukawa huu. Mama Mbithi alimkatia mapema, kabla ya wateja, akafunga mfuko na kuuweka kando. Adhis aliupitia baada ya kumwona mama yake, akaenda nao chuoni, na jua lilipokuwa utosini alikuwa akisaga.

Mara ya kwanza tu, mashine inayopima umeme unaovuka utando ilichora kilima kikubwa. Mstari ambao bila kwinoni ungelala ulipanda juu kana kwamba umeitwa. Adhis alimpigia Mzee Kinyanjui simu, kwa sababu alikuwa ameahidi, na mzee akaitangazia ploti. Halafu Daktari Kihara akaja, akatazama, akavua miwani.

"Hongera," alisema kwa sauti ile ile ya ndoa. "Utando wako umetoboka."

Kila kinachotoa au kupokea elektroni kina mahali pake kwenye mstari, na kilima hiki hakikuwa mahali pa kwinoni. Kilikuwa mahali pa chumvi ya chuma yenyewe. Elektroni hazikubebwa na mtu. Zilipita tunduni na kuifikia chumvi moja kwa moja. Ni sawa na kuwasifu wabebaji wa Silanga kwa uhodari, kumbe maji yamekauka na kila mtu anajipitia kwa miguu yake.

Adhis alirudia. Ulitoboka. Alilaumu mafuta, akayabadilisha. Alilaumu dhahabu, akaisugua. Alilaumu kikundi cha maombi kilichopiga ngoma ghorofa ya chini, akawaomba wamtukuze Mungu polepole, nao wakakubali, na utando ukatoboka kwa utulivu. Kila aliposhindwa, alipita kwa Mama Mbithi akiwa na uso wa mazishi.

"Imekataa tena?"

"Imekataa, Mama Mbithi. Inatoboka."

"Labda nakata nene."

Adhis alikuwa amechoka mno kubishana na mtu anayemtakia mema. Alinyamaza tu, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa jibu. Kesho yake mboga zilikuwa nyembamba zaidi. Utando ukatoboka upesi zaidi. Mama Mbithi akaonyeshwa tena uso wa mazishi, akanoa tena kisu. Mambo yaliendelea hivyo: huku mwanamke mmoja akikata kwa upendo unaoongezeka, na kule mwingine akitazama utando ambao mwanzoni ulidumu kidogo kabla ya kupasuka, na sasa ulipasuka kabla yeye hajaketi.

Siku ya kamati ilipokaribia, alifika kibandani akamkuta Mama Mbithi amekaa kando ya mfuko kama mtu anayelinda mtoto mchanga.

"Angalia hiyo," alisema. "Hapo hakuna sukuma. Hiyo ni nywele ya malaika. Nimekalia hiyo kazi tangu asubuhi sababu yako. Hata harusi ya Mbithi sikukata hivyo."

Adhis alifungua mfuko, na harufu ikampiga usoni: ile harufu kali ya majani yaliyokatwa, ambayo watu huisifu kuwa harufu ya usafi. Alisimama na mfuko wazi mkononi muda mrefu kuliko inavyotarajiwa kwa mtu anayetazama sukuma.

Harufu hiyo ni ya mafuta ya jani yakivunjwa. Jani likikatwa, vimeng'enya vyake hutoka mahali pake na kuanza kuyala mafuta ya jani lenyewe, na masalio ya karamu hiyo yana tabia ya sabuni. Kadiri unavyokata nyembamba na kadiri unavyosubiri, ndivyo masalio yanavyozidi. Adhis alikuwa amefundishwa hayo mwaka wa pili. Alikuwa ameyajibu kwenye mtihani na kupata alama zote, na haikumpitikia akilini kwamba yanamhusu. Sabuni hufanya nini kwa mafuta, kila mwenye sufuria anajua. Kwa muhula mzima alikuwa ametandaza utando wa mafuta kwa uangalifu mkubwa, kisha akautilia sabuni kidogo, ya nyumbani, iliyotengenezwa kwa upendo.

"Mama Mbithi," alisema, "kesho usikate."

Kisu, kilichokuwa kimeshaanza fungu la mteja mwingine, kilisimama. Safari hii hakikusimamia kwenye kidole gumba, kilisimama njiani.

"Umepata mama mboga mwingine."

"Hapana, aki."

"Ni yule wa Sarang'ombe. Yule hukata kama anapasua kuni."

"Si yeye. Nataka tu mzima-mzima. Majani vile yametoka shamba."

"Mzima-mzima." Mama Mbithi alimgeukia mteja aliyekuwa akichagua nyanya, ili awepo shahidi. "Ati anafuga sungura Kawangware."

"Sifugi!"

"Basi ni Kinyanjui anafuga, ametuma wewe."

"Nisikize. Ukikata, jani linaanza kujikula. Linatoa kitu kama sabuni. Hiyo sabuni ndiyo inanitobolea kazi."

Mama Mbithi alikitazama kisu chake, halafu akamtazama Adhis.

"Kwa hivyo ni kisu yangu."

"Ni kisu yako. Iko sawa kupita kiasi, hiyo ndiyo shida."

Mama Mbithi alilichunguza jibu hilo upande huu na upande ule, kama anavyochunguza noti. Akaona lina sifa ndani yake ya kutosha, akalipokea.

Asubuhi iliyofuata alimngoja na majani mazima, mapana, yenye umande. Adhis aliazima jiko lake na sufuria, akachemsha maji pale pale kibandani, akayatumbukiza majani yangali mazima na kuyatoa haraka, kwa sababu moto huviua vimeng'enya kabla havijapata nafasi ya kumeng'enya chochote. Watu walisimama.

"Kwani hii ni kusoma ama ni kupika?" aliuliza yule mteja wa nyanya.

"Ni sayansi," alisema Mama Mbithi, ambaye alikuwa amelijua jambo hilo tangu jana. "Toa mkono."

Maabarani, Adhis alianza na utando mtupu, bila kwinoni. Mstari ulilala kama meza: hakuna kilichopita. Kisha akatandaza mwingine, wenye kwinoni ya majani mazima ndani yake. Mstari ukaenda, ukapanda kilima kidogo, ukashuka, na katika kurudi ukachimba bonde lililolingana na kilima hicho. Vyote viwili vilikuwa mahali pa kwinoni. Mahali pa chumvi palikuwa pametulia kabisa. Hakumpigia mtu simu. Alirudia kesho yake, na kesho kutwa, kwa majani ya siku tofauti, mpaka dhahabu ikawa haina jipya la kumwambia.

Kamati ilikaa. Ndani yake alikuwamo Daktari Mukhwana, ambaye mwanzoni mwa muhula aliuita utafiti huu "umeme wa mboga," na jina likashika kiasi kwamba wafagiaji wa idara walilitumia bila kejeli yoyote. Si mtu mbaya. Alikuwa amesoma kazi nyingi zilizoahidi mengi, na kila moja ilikuwa imempunguzia kidogo uwezo wa kutabasamu.

Adhis aliwaonyesha utando mtupu, kisha ule wenye kwinoni. Mstari ukafanya yake. Wengine wawili waliandika kitu. Daktari Mukhwana hakuandika.

"Nimeona kilima chako cha kwanza, kile kikubwa," alisema. "Ulikuwa na furaha siku hiyo pia. Hata tundu lina kilima. Nitajuaje kwamba hiki si tundu lililohama?"

Daktari Kihara alikohoa. Adhis alikuwa amelingoja swali hilo kuliko alivyowahi kungoja chakula.

"Daktari, tuongeze uchachu wa maji," alisema. "Chumvi ya chuma haijali uchachu. Kama ni tundu, kilima kitabaki pale pale. Lakini kwinoni habebi elektroni peke yake. Anabeba na protoni. Maji yakiwa machachu, protoni ni nyingi, anapakia kwa urahisi zaidi. Kilima lazima kihamie kulia."

"Kihamie wapi?"

Adhis aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Hapa. Na asidi tia wewe mwenyewe, Daktari."

Akampa kidude cha kudondoshea. Daktari Mukhwana aliinuka, akadondosha, akakoroga, akarudi nyuma akiwa amekunja mikono. Mstari ulianza safari yake kutoka kushoto. Ulipita mahali pa zamani pa kilima ukiwa umelala, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu pale. Adhis hakuondoa kidole. Mstari ukasogea, ukainuka, ukapanda, na kilele chake kikaja kusimama chini ya ukucha wake.

Daktari Mukhwana alidondosha tena. Adhis alisogeza kidole, na kilima kikaja. Mara ya tatu mzee huyo hakungoja kuonyeshwa. Aliinama mwenyewe, akapiga hesabu midomo ikicheza, akabandika kidole chake mwenyewe kwenye kioo, na kwinoni ya Silanga, isiyobagua, ikamtii naye pia. Waliokuwapo wanasema alicheka. Wengine wanasema alikohoa. Kilicho hakika ni kwamba hakutoa kidole haraka.

"Sukuma wiki," alisema hatimaye.

"Ya Mama Mbithi," alisema Adhis. "Haijakatwa."

Walimtoa nje, wakamrudisha. Daktari Kihara ndiye aliyetangaza kwamba amepita, bila masahihisho, na alitangaza kwa sauti ya kutoa rambirambi, kwa kuwa ile ya ndoa alikuwa ameshaitumia yote kwa habari mbaya. Adhis aliielewa hata hivyo. Alipiga kelele ambayo kikundi cha maombi cha chini kiliijibu kwa amina.

Kawangware, Mzee Kinyanjui alipokea habari akiwa getini, ambapo hupokelea habari zote. Aliwaita wapangaji.

"Amevusha wale watu," alisema.

"Wote?" aliuliza mmoja.

"Wote. Na hakuna hata mmoja ameangushwa."

Hilo lilimgusa kuliko alivyotaka ionekane. Jumamosi yake alichinja mbuzi, jambo ambalo ploti hiyo haikuwa imewahi kulishuhudia, akamkaribisha Caren na Mzee Opondo wakae viti vya mbele, na akamweleza kila aliyeingia jinsi kwinoni inavyofanya kazi. Maelezo yake yalikuwa sahihi, isipokuwa kwamba mwishoni aliongeza, kwa maoni yake binafsi, kwamba zinapaswa kulipwa.

Nyama ilipokaribia kuiva ikaonekana hakuna mboga. Adhis alipanda boda boda hadi Kianda. Pale kibandani, juu ya nyanya, palikuwa pamening'inia karatasi aliyokuwa amempelekea Mama Mbithi siku iliyofuata ile ya kamati: mstari, kilima, bonde, na kilima kikihama mara tatu kwenda kulia. Wateja huuliza kama ni bei ya vitunguu. Mama Mbithi huwajibu kwamba ni mboga zake zikibeba stima, na kwamba kama hawaamini waende chuo kikuu wakaulize, huku akichagua majani ya mrija unaofuata.

"Daktari," alisema alipomwona.

"Bado, Mama Mbithi. Hiyo ni shahada ingine."

"Si utaifanya? Basi nimeanza mapema." Alichukua fungu kubwa, akalikung'uta umande. "Ni ya maabara? Niweke maji kwa jiko?"

"Ni ya kula. Mzee amechinja. Na wewe pia unakuja, funga kibanda."

Mama Mbithi alisimama na fungu mkononi. Alikuwa amejizuia kumkatia kwa siku nyingi.

"Kwa hivyo hii naeza kata?"

"Kata."

"Nyembamba?"

"Kama nywele ya malaika."

Kisu kilikuja mbio kuelekea kidole gumba, kikasimama pale pale, kikarudi, kikaja tena. Mboga zilianguka kama uzi wa kijani, na macho ya Mama Mbithi hayakuwa juu yake hata kidogo. Yalikuwa ng'ambo ya njia, yakimsalimu kila aliyepita na kumwelekeza kwa kidevu amtazame msichana aliyesimama kibandani.

"Huyu ndiye yule wa kwinoni," alikuwa akiwaambia. "Mboga ni zangu."